Alama ya Maji

Nyuma ya mlango wa sebule ya mama yangu, kule Luchelele, Mwanza, kuna msumari wa inchi tatu usiotundikiwa kitu chochote. Umepigiliwa ukutani vidole viwili tu juu ya sakafu, mahali ambapo mgeni hawezi kuuona mpaka mlango ufungwe, na watoto wa ndugu zangu wameshauzoea kiasi cha kutouona. Unaonyesha maji ya Ziwa Viktoria yalipoishia mwezi Mei mwaka 2024. Niliupigilia mimi mwenyewe, kwa kuwa mimi ni mpima ardhi na kuweka alama ndiyo kazi inayonilisha. Nimeanza na msumari huo ingawa makala hii inahusu nyumba nyingine, iliyoko mbali sana na Mwanza, kwa sababu sidhani kama ningeielewa nyumba ile bila ya kulelewa katika hii.

Nyumba ninayoizungumzia iko Plano, mji mdogo katika jimbo la Illinois nchini Marekani, karibu kilomita 90 kusini magharibi mwa Chicago, kwenye ukingo wa Mto Fox. Ilisanifiwa na Ludwig Mies van der Rohe, Mjerumani aliyezaliwa Aachen mwaka 1886, akaiongoza Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu, katika miaka yake ya mwisho, kisha akahamia Chicago mwaka 1938 kufundisha usanifu wa majengo. Aliyemwagiza kazi alikuwa daktari bingwa wa figo wa jiji hilo, Edith Farnsworth, mwanamke asiyeolewa, aliyetaka mahali pa kupumzikia mwisho wa juma. Walikutana mwaka 1945 katika chakula cha jioni. Mfano mdogo wa nyumba ulionyeshwa New York mwaka 1947, wakati bado hakuna hata shimo moja la msingi lililochimbwa. Ujenzi ulianza mwaka 1949 na kumalizika mwaka 1951. Tangu mwaka 2004 nyumba hiyo imekuwa wazi kwa umma, na mtu yeyote mwenye tiketi anaweza kuingia.

Picha yake niliiona kwa mara ya kwanza nilipokuwa mwanafunzi, katika somo la michoro. Ilikuwa picha ya wakati wa kiangazi: nyasi kavu, miti mirefu, na katikati sanduku jeupe la kioo lililoning'inia hewani kana kwamba halina uzito. Mwalimu alizungumzia uwiano na mistari. Mimi nilikuwa naangalia urefu kutoka ardhini hadi sakafuni, nikajisemea kwamba hakuna mtu anayeinua sakafu kiasi hicho kwa ajili ya urembo peke yake. Yule msanifu alikuwa anaogopa kitu.

Mwezi Oktoba 2024, miezi mitano baada ya ziwa kuingia sebuleni kwa mama, nilikuwa Chicago kwa mafunzo ya wiki tatu ya upimaji kwa kutumia satelaiti. Mwenzangu mmoja wa darasani, Mkenya wa Kisumu aliyekwisha kuishi huko miaka mingi, aliniuliza ni kitu gani ningependa kuona siku ya mapumziko. Nilimwambia nataka kuona nyumba inayofurika. Alicheka, akasema kwamba mtu wa ziwa akisafiri bara zima huenda kutafuta kilekile alichokikimbia nyumbani, kisha akawasha gari.

Ukifika, nyumba huioni. Unashuka mahali pa kupokelea wageni, unafuata njia ya miguu inayopita chini ya miti, na mto unaanza kuonekana kabla ya jengo. Mto Fox siku ile ulikuwa mpole, wa rangi ya chai isiyokolea, si mpana kuliko mlango wa ghuba ambazo sisi huvuka kwa kasia moja. Kisha miti inaachana, na nyumba iko pale. Jambo la kwanza nililolifanya halikuwa la kiungwana: nilisimama chini ya ukingo wa sakafu nikainua mkono ili nijipime nayo. Sakafu iko mita 1.6 juu ya ardhi, na mimi si mrefu, ilinifika puani.

Kwa fundi, uzuri wa nyumba hiyo uko kwenye maungo. Nguzo ni nane za chuma, nne kila upande, zilizopakwa rangi nyeupe, na katikati ya nguzo na nguzo kuna karibu mita 6.7. Kwetu nguzo husimama chini ya boriti na kuibeba kichwani, kama mama anavyobeba ndoo. Pale boriti imeshikamana na ubavu wa nguzo, na nguzo inaendelea kwenda juu kana kwamba haihusiki, kwa hiyo sakafu na paa vinaonekana kama vimeshikwa kwa sumaku. Nilitafuta bolti sikuiona, nikatafuta mshono wa kulehemu sikuuona pia. Mafundi walilehemu kupitia matundu, kisha wakasaga mpaka chuma kikawa laini, ndipo rangi ikafuata. Nilipitisha kidole changu kwenye kona moja kwa muda mrefu kiasi kwamba mwongozaji alinitazama, nami nikaurudisha mkono mfukoni.

Kuna jukwaa la chini, lililowekwa kando ya nyumba na kusogezwa kidogo mbele, ambalo unalipanda kwanza kwa ngazi pana kabla ya kupanda tena kwenda barazani. Hilo jukwaa ndilo lililonimaliza. Limetandikwa vipande vya jiwe la travatini, kila kimoja karibu sentimita 61 kwa 84, na liko sawasawa kabisa, bila mteremko. Kila aliyewahi kujenga anajua kwamba baraza lisilo na mteremko ni dimbwi. Hata fundi wa mtaani ambaye hajawahi kushika leveli huachia kidole kimoja ili maji yajue pa kwenda. Hapa maji ya mvua hupenya kwenye nafasi nyembamba zilizoachwa kati ya mawe, yakaingia katika mabeseni ya chuma yaliyojaa kokoto chini yake, yakatoka kwa bomba bila mtu kuyaona. Mtu aliyefikiria kiasi hicho juu ya mvua inayotoka juu, nilijiambia, hakika aliufikiria pia mto.

Naam, aliufikiria. Sakafu iliwekwa juu ya kiwango cha mafuriko makubwa kuliko yote yaliyokuwa yakijulikana mahali pale. Kwa hesabu ya wakati ule, alikuwa amejihami. Lakini mwaka 1954, nyumba ikiwa na miaka mitatu tu tangu ikamilike, Mto Fox ulipanda ukaingia ndani na kusimama karibu mita 1.2 juu ya sakafu hiyo. Mwaka 1996 ulirudi kwa nguvu zaidi: karibu mita moja na nusu juu ya sakafu, yaani mita tatu na ushei kutoka kwenye nyasi ambazo wageni tunazikanyaga tukipiga picha. Maji yalivunja vioo, yakachukua samani na kazi za sanaa. Mwaka 2008 yalikuja tena, safari hiyo sentimita 45 hivi; vitu vingi viliinuliwa mapema, lakini kabati kubwa la nguo halikuweza kuhamishwa kwa haraka, na likaharibika.

Hapo ndipo nilipoacha kuwa mtalii. Kosa hilo la kipimo nalijua, kwa sababu limefanyika kwetu.

Baba yangu alijenga mwaka 1986. Hakuwa na msanifu wala ramani, ila alikuwa na akili ya kuuliza. Alimwendea mzee mmoja mvuvi, ambaye sote tulimwita Guku, yaani babu, akamwomba amwonyeshe maji yaliishia wapi wakati wa mvua za Uhuru. Wakubwa wanaozikumbuka mvua hizo wanajua zilivyoanza mwaka 1961 na jinsi ziwa lilivyopanda zaidi ya mita mbili mpaka kufikia kilele chake mwaka 1964, likameza mashamba, magati na nyumba, na likakaa huko juu bila kurudi lilikotoka kwa miongo mingi. Guku alikwenda moja kwa moja hadi kwenye jiwe kubwa lililokuwa kando ya kiwanja, akaweka kiganja chake mahali ambapo rangi ya jiwe ilibadilika kutoka nyeupe kuwa kijivu, akasema, "Hapa. Na halijapita hapa tangu nizaliwe." Baba akavuta kamba kutoka kwenye kiganja kile, akaongeza shubiri moja kwa ajili ya adabu mbele ya maji, na hapo ndipo sakafu yetu ilipowekwa.

Kipimo rasmi cha ziwa husomwa Jinja, nchini Uganda, mahali ambapo Mto Nile unaanzia. Namba zake si kina cha ziwa, bali ni usomaji wa mti wa kupimia uliosimikwa majini. Kilele cha mwaka 1964 kilikuwa mita 13.41. Mwezi Mei 2020 kilisomeka mita 13.42: sentimita moja tu zaidi, baada ya miaka hamsini na sita. Mwezi Mei 2024 kikafika mita 13.66. Chukua sasa shubiri ya baba, ambayo niliipima kwa rula alipokuwa hai na ilikuwa sentimita 22, uijumlishe na alama ya Guku, na utapata kwamba mwaka 2020 maji yalipaswa kusimama shubiri moja chini ya sakafu, na mwaka 2024 yalipaswa kuingia kwa sentimita tatu hivi. Ndivyo ilivyokuwa. Wala Guku hakukosea hata kwa upana wa ukucha. Alisema ukweli wote aliokuwa nao, na ukweli huo ulikuwa halali mpaka ziwa lilipoivuka alama yake.

Mwenzangu wa Kisumu, nilipomsimulia haya tukiwa tumeketi kwenye ngazi za Plano, alisema kwamba kwao mwaka 2020 watu walikuwa wakisafiri kwa mtumbwi juu ya viwanja vyao vya mpira. Tukakubaliana juu ya tofauti moja ambayo mwongozaji hakuwa na sababu ya kuijua. Mto unapofurika huja kwa saa chache kama mwizi, na baada ya siku chache umekwenda zake, ukikuachia tope. Ziwa halina haraka. Sehemu kubwa ya maji yake, kama asilimia 80, ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile. Kwa hiyo likipanda hupanda kwa miezi, kila asubuhi unakuta mstari umesogea kidogo kwenye mchanga, na likishafika mlangoni linaweza kukaa mwaka mzima. Aliyejengea kando ya mto anapambana na tukio, aliyejengea kando ya ziwa anapata mpangaji.

Kwa nini Mto Fox ulivuka alama ya wazee wake? Jibu si gumu kwa mtu wa Mwanza. Katika miaka ya baada ya vita, Chicago ilitanuka, na mashamba yaliyokuwa yakinywa mvua juu ya mto yakageuka kuwa mapaa, barabara za lami na maegesho ya magari. Maji ambayo zamani yalizama ardhini polepole sasa hukimbia moja kwa moja mtoni. Sisi tuna Mto Mirongo unaokatiza katikati ya jiji, na kila mkazi wa Mabatini anajua kwamba leo mvua ya saa moja inaleta maji ambayo zamani yalihitaji mvua ya siku nzima. Milima yetu ni miamba tangu asili, hainywi. Kidogo kilichokuwa kikinywa, yaani vichaka na udongo kati ya jiwe na jiwe, tumekijengea. Mtaro hauwezi kulaumiwa kwa kuleta kilichomiminwa ndani yake.

Sasa nimrudie Edith Farnsworth, maana nyumba ilikuwa yake, na mto haukuwa taabu yake ya kwanza. Gharama zilipanda kutoka makadirio ya dola 58,400 hadi karibu dola 74,000, fedha nyingi sana kwa nyumba ya chumba kimoja wakati huo. Yeye na msanifu, waliokuwa marafiki wakati wa kuchora, walifikishana mahakamani. Msanifu alidai malipo yake, naye akadai kwamba amedanganywa. Uamuzi wa mwaka 1953 ulimpa haki msanifu. Nimesoma watu wakimcheka mwanamke huyo kama mtu asiyejua alichopewa. Mimi nadhani alijua vizuri sana, kwa sababu yeye ndiye aliyelala mle ndani.

Kuta zote nne ni vioo kuanzia sakafuni hadi darini. Katikati kuna kiini cha mbao kilichobeba jiko, mahali pa kuotea moto na bafu mbili, na vingine vyote viko wazi: kitanda, meza, mwenye nyumba. Madirisha yanayofunguka ni mawili tu, madogo, upande wa mashariki, na mlango uko upande wa magharibi. Joto la kiangazi huingia na kukaa. Wakati wa baridi vioo hutoa jasho. Usiku, taa zikiwashwa, nyumba nzima hugeuka kandili katikati ya bonde lenye mbu, na wadudu wa mto mzima hupata mwaliko. Edith alilazimika kuweka nyavu za mbu kuzunguka baraza, jambo ambalo wapenzi wa usanifu waliliona kama kumvisha bibi harusi gunia. Kwangu lilikuwa jambo la kwanza katika habari nzima lililofanywa na mtu mwenye akili timamu. Anayekaa karibu na ziwa letu anajua wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi mweusi usio na moto. Ukiwasahau na taa ya baraza, asubuhi unazoa kwa ufagio. Mwaka 1953 Edith aliliambia jarida moja kwamba ndani ya vioo vile alijihisi kama mnyama anayezurura, aliye macho wakati wote. Sijui kama kuna mwenye ghorofa ya vioo pale Capri Point, Mwanza, angekiri hivyo kwa maneno, lakini mapazia yao, yanayofungwa kuanzia saa tatu asubuhi, yanasema.

Hata hivyo aliishi nayo miaka ishirini, akiitumia siku za mapumziko, akiwa na samani zake mwenyewe na si zile ambazo msanifu angependa. Kaunti ilichukua sehemu ya ardhi yake kwa ajili ya barabara na daraja jipya, kelele za magari zikafika hadi kitandani, na mwaka 1972 aliiuza nyumba kwa Peter Palumbo, Mwingereza tajiri mwenye kupenda usanifu. Edith akahamia Italia, akaishi karibu na Florence akitafsiri mashairi ya Kiitaliano, mpaka alipofariki mwaka 1977. Palumbo alizitoa nyavu, akaleta samani zilizoendana na mawazo ya msanifu, na baada ya mafuriko ya mwaka 1996 akagharamia matengenezo makubwa. Nyumba ilipopelekwa mnadani New York mwezi Desemba 2003, taasisi za uhifadhi zilichangishana zikainunua kwa dola milioni 7.5 ili isije ikang'olewa na kupelekwa kwingine. Mwaka 2006 ikatangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Kwa muda mrefu mgeni aliyeingia alionyeshwa nyumba ya msanifu. Mwaka 2020 wahifadhi walifanya jambo lililonipendeza kuliko yote: waliipanga upya kama ilivyokuwa katika miaka ya hamsini, wakati mwenyewe akiishi, wakirudisha samani za aina aliyoitumia. Na mwaka 2021 jina rasmi likabadilishwa kuwa Nyumba ya Edith Farnsworth, jina lake lote, si ubini peke yake kama awali. Nilipofika, bango la mlangoni lilimtaja mwenye nyumba kwa ukamilifu, nami nikamkumbuka mama, ambaye hati ya kiwanja chetu ilimtaja kwa miaka thelathini kama "mke wa" baba.

Tatizo la maji, hata hivyo, halitibiwi kwa kubadili jina. Wahandisi walikwisha kupendekeza njia tatu. Ya kwanza ni kuihamishia nyumba mahali palipoinuka, jambo ambalo lingeiokoa na wakati huohuo kuitenganisha na mto ulioizaa. Ya pili ni kujaza udongo na kuiinua palepale, ambapo ule uwiano wa sakafu na ardhi, ambao msanifu aliupima kwa jicho na kwa hofu, ungepotea. Ya tatu ni kuichimbia chini jeki za haidroliki, ili mto ukianza kupanda nyumba nzima ipande nayo, na mto ukishuka ishuke ikae mahali pake. Kama fundi, njia hii ya tatu inanivutia na kunitia wasiwasi kwa kiasi sawa: mashine inayokaa chini ya ardhi yenye maji kwa miaka kumi bila kazi, halafu ikatakiwa kufanya kazi usiku mmoja bila kukosea, ni mashine ninayoiombea dua. Lakini nikilazimishwa kuchagua ningeichagua hiyo, kwa kuwa ndiyo peke yake inayokiri kwamba maji yatarudi na kwamba nyumba ni ya pale.

Kwetu jibu ni fupi zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, na sisi wapima tunaitamka "mita sitini" kama watu wanavyotamka amri. Nyumba ya Plano isingepata kibali hapa hata siku moja. Sheria hiyo naiunga mkono, nimesimika bikoni nyingi, yaani alama za mipaka, kwa mujibu wake, na nimeona mwambao uliojengwa ovyo unavyogeuka kuwa jalala. Ila nyumba yetu ni ya mwaka 1986. Nilipopima mwaka 2015 ilikuwa mita 41 kutoka majini. Mwezi Mei 2024 haikubaki hata moja, bila nyumba kusogea hata hatua moja. Miaka kadhaa iliyopita walikuja watu wa ofisi moja wakachora X nyekundu kwenye ukuta wa mbele, kubwa kama mlango, wakaondoka, na hawakurudi tena hadi leo. X haikueleza nani anaondolewa, lini, wala aende wapi. Mama aliiacha ipauke kwa jua.

Niliporudi nilimwonyesha picha za Plano kwenye simu. Alizitazama taratibu, moja baada ya nyingine, akizikuza kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na wajukuu.

"Hii yote ni kioo?"

"Yote, Mayu."

"Sasa ungo unatundikwa wapi?"

Sikuwa na jibu, maana hakuna ukuta wa kupigilia msumari isipokuwa kile kiini cha mbao, na anayekipigilia msumari nadhani atafungwa. Nikamweleza habari za yule daktari, kesi, mbu na maji. Aliposikia kwamba mafuriko ya kwanza yalikuja nyumba ikiwa na miaka mitatu tu, alisikitika kwa sauti, kama tunavyosikitikia mfiwa, kisha akauliza kama mwanamke huyo alirudi kuishi humo baada ya maji kutoka. Nikamwambia ndiyo, alirudi, kwa miaka mingine zaidi ya kumi na saba. Mama akatikisa kichwa kwa kukubali, akanirudishia simu.

Mwezi Machi mwaka huu aliita fundi rangi. Maji yalikuwa yameshashuka, kuta zimekauka, na chumvichumvi iliyokuwa ikitoka kwenye plasta imekwisha. Nilikuwapo siku hiyo. Fundi alianza ukuta wa mbele, na mama, akiwa amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe, alimwambia aipige ile X mikono mitatu, isionekane hata kivuli. Ilipofika zamu ya sebule, kijana akafunga mlango, akaona msumari na ule mstari wa rangi ya udongo ulioachwa na ziwa, unaozunguka chumba kizima vidole viwili juu ya sakafu. Akachukua koleo.

"Huo uache," mama akasema kutoka nje, ingawa hakuwa anamwona. "Na chini ya huo usipake."

Kijana akanitazama mimi, kama mafundi wanavyowatazama watoto wa wenye nyumba wakidhani watapata ruhusa ya pili. Nikamwambia afanye anavyoambiwa. Akapiga magoti, akabandika gundi ya karatasi kuzunguka chumba chote kufuata mstari, akapaka juu yake rangi ya maziwa, na alipofika kwenye msumari akaubana kwa kidole gumba ili brashi isiuguse.